Jina lake liko kwenye kila chupa, yeye kafa hana kitu

Leo umbea wetu ni wa zaidi ya miaka 160 iliyopita, ila ni wa moto kama wa jana usiku.

Kuna staa mmoja wa hapa mjini, jina kapuni ila wengi mtamjua, kaposti picha za bethidei yake. Mezani kapanga juisi ya ukwaju kwenye chupa za kioo za mdomo mpana, mrija ndani, kamba ya katani imefungwa shingoni. Komenti zikawaka. Nusu wanasema dada anajua kupamba, nusu wanamwambia arudishe chupa za jemu za watu. Wote wakapitwa na kitu kimoja: kwenye tumbo la kila chupa kulikuwa na neno limevimba kwenye kioo, MASON.

Mason ni mtu jamani. Alikuwa fundi, anafanya kazi kwa mikono yake, na akiwa kijana wa rika letu hili alibuni kitu ambacho mpaka leo kinauzwa dunia nzima. Akafa maskini. Waliovuna hela ni wengine kabisa. Kama una wazo kichwani na huna mtaji, soma taratibu.

Turudi nyuma kidogo, Ufaransa. Enzi za Napoleon jeshi halikusumbuliwa na risasi tu, lilisumbuliwa na msosi. Nyama ya chumvi, mkate mkavu kama tofali, basi. Fundi mmoja wa peremende na vitu vitamu, Nicolas Appert, alitumia miaka mingi akijaribu jambo moja: anaweka chakula kwenye chupa ya kioo, anaziba kwa kizibo, halafu anaichemsha chupa nzima ndani ya maji. Chakula kinakaa miezi bila kuoza. Mwaka 1810 serikali ikampa faranga 12,000 kwa sharti kwamba aitoe siri yake kitabuni, na kweli akaitoa. Kichekesho ni kwamba mwenyewe hakujua kwa nini inafanya kazi. Alidhani mchawi ni hewa. Habari za vijidudu kuozesha chakula zilikuja kuelezwa vizuri na Louis Pasteur miaka kama 50 baadaye, na wakati huo Appert alishafariki tangu 1841, naye hana hela. Huyo wa kwanza, mhesabuni.

Sasa, chupa za Appert zilikuwa na ugonjwa mmoja: kufunga. Vuka bahari uende Marekani, katikati ya miaka ya 1800. Mama wa shambani kule hana bahati ya huku kwetu, ya kutoka nje na kuchuma mchicha mwezi wowote unaotaka. Theluji ikianguka, bustani imekufa mpaka baridi iishe. Kwa hiyo kiangazi kizima anapika matunda, anayatia kwenye chupa au kopo, anafunika kwa kibati, anamimina nta ya moto pembeni, anaomba Mungu. Nta ikipasuka kidogo tu, hewa inaingia na vijidudu vinaingia, na kazi ya wiki nzima inamwagiwa nguruwe.

Hapo ndipo anaingia John Landis Mason, fundi bati, mzaliwa wa 1832. Tarehe 30 Novemba 1858 alipewa hataza namba 22,186, yaani ile karatasi ya serikali inayosema wazo hili ni la fulani, asiguse mtu. Alikuwa na miaka kama 26 tu.

Alichokifanya ukikiona leo utasema "hivi tu?" Chupa zenye hesi, ile mistari ya kuzungushia mfuniko, watu walishazijaribu. Shida ni kwamba chupa enzi hizo ilipulizwa kwa pumzi ya mtu kupitia bomba refu la chuma, kisha inavunjwa pale inaposhikana na bomba. Juu panabaki pabaya, pana makali na mabonde. Mfuniko ukikaa pale haukazi hata uuzungushe vipi. Mason akafanya hesi yake ififie kabla ya kufika juu mdomoni, na mfuniko ukandamize kwenye bega la chupa badala ya mdomoni. Begani kioo ni laini kwa sababu kimetoka kwenye kalibu. Weka duara la mpira hapo katikati, zungusha mfuniko wa zinki, imekaza. Ukichemsha, hewa inasukumwa nje. Ikipoa, mvuke uliobaki ndani unarudi kuwa maji, panabaki utupu, na utupu huo unavuta mfuniko chini kama mtu kaushikilia. Na kwa kuwa ni kioo, unaona nyanya zako zimekaaje bila kufungua.

Na hapa utasema jamaa sasa anaogelea kwenye dola. Wapi!

Kuanzia 1859 alianza kuuza haki za hataza zake kwa wenye hela. Mmoja wa walionunua ni Lewis Boyd, ambaye mwaka 1869 alipata hataza yake mwenyewe ya kisahani cha kioo cheupe kinachokaa ndani ya mfuniko, maana zinki ilikuwa inaacha ladha ya chuma kwenye chakula. Ukikutana na mfuniko wa kale una kitu cheupe kama kauri ndani yake, ndicho hicho cha Boyd.

Ila kinachoniuma mimi ni kesi. Huyohuyo Mason, Juni 1859, alikuwa na maboresho mengine ya chupa. Akatengeneza chupa kama dazeni mbili, akauza baadhi, halafu akatulia. Akaja kuomba hataza Januari 1868, akapewa 1870. Haki hizo zikaishia kwa kampuni iliyoitwa Consolidated Fruit Jar, nayo ikaenda kumshitaki mtu kwamba anaiga. Kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani. Mwaka 1876 majaji wakasema, kwa lugha ya mtaani: bwana, ulishauza mwenyewe hadharani, ukakaa kimya karibu miaka tisa, leo unadai nini? Hataza batili. Na ile ya kwanza, ya 1858, muda wake ukaisha 1879. Tangu hapo yeyote mwenye tanuri akawa na ruhusa ya kutengeneza chupa ya Mason, akaandika juu yake kwa herufi kubwa kwamba ni ya Mason, na asimpe Mason hata senti moja. Mzee akafariki New York mwaka 1902, fukara.

Najua kuna watakaosema alizubaa. Mimi sikubali sana. Fundi asiye na tanuri lake anamtegemea mwenye tanuri, na mwenye tanuri anataka karatasi isainiwe kwanza ndipo awashe moto. Hapa mjini tunao wangapi waliotunga wimbo, jina limeandikwa la mwingine? Majina kapuni.

Mwaka 1880, yaani mwaka mmoja tu baada ya hataza kuisha, ndugu wawili wa ukoo wa Ball kule Buffalo walikopa dola 200 kwa ami yao mchungaji. Baadaye wakawa ndugu watano kwenye biashara moja. Walianza na makopo ya mafuta ya taa, mwaka 1884 wakaingia kwenye chupa za kuhifadhia chakula. Mwaka 1886 kiwanda kikaungua. Badala ya kulia, wakaangalia ramani: jimbo la Indiana lilikuwa limegundua gesi asilia, na miji ya kule ilikuwa inagombea wawekezaji kama vile gesi haitaisha kamwe. Mji wa Muncie ukawapa ardhi na gesi ya bure. Kioo bila moto mkali hakuna kioo, kwa hiyo moto wa bure ndiyo kila kitu. Wakahamia, tanuri likawaka 1888, na baada ya miaka michache neno Ball lilikuwa jikoni kwa karibu kila mtu kule.

Gesi yenyewe iliisha mapema miaka ya 1900. Watu walikuwa wanaiwasha nje usiku na mchana, miali mikubwa inawaka hewani bila kazi yoyote, ili wageni washangae. Inauma kusoma. Lakini ndugu wa Ball walishakuwa matajiri tayari. Mwaka 1918 walilikabidhi jimbo la Indiana ardhi na majengo ya chuo cha ualimu walivyokuwa wamevinunua, na chuo hicho leo ni Chuo Kikuu cha Ball State. Yaani hela ya wazo la fundi bati aliyekufa fukara imesomesha watoto wa watu. Ichukulie unavyotaka.

Turudi kwenye uzuri. Ile rangi ya samawati unayoiona kwenye chupa za zamani, ambayo leo inafanya watu wapigane bei mtandaoni, haikuwa mapambo. Ilitokana na madini yaliyomo kwenye mchanga. Kando ya Ziwa Michigan kulikuwa na kilima cha mchanga kinaitwa Hoosier Slide, urefu unakaribia futi 200, watalii walikipanda na kuteleza. Viwanda vya kioo, wakiwemo Ball, wakawa wanakisomba kwa mabehewa ya treni. Kufikia miaka ya 1920 kilima hakipo. Siyo kimepungua, hakipo kabisa! Leo mahali pake pana kituo cha kuzalisha umeme. Kwa hiyo mtu akiwa na chupa ya samawati ya miaka hiyo dirishani kwake, kuna uwezekano mzuri kwamba ameshika kipande cha mlima uliotoweka. Rangi hiyo iliendelea mpaka katikati ya miaka ya 1930 hivi, chupa nyeupe zikachukua nafasi.

Na kuna watu ambao majina yao hayakuwahi kuvimba kwenye kioo chochote. Kabla ya mashine, kila fundi wa kupuliza alikuwa na watoto wanaomzunguka: wa kushika kalibu, wa kubeba chupa ya moto kwenda kwenye tanuri la kupoozea. Mpiga picha Lewis Hine alizunguka viwanda vya kioo vya Indiana mwaka 1908 akawapiga picha usiku wa manane, vijana wadogo wana masizi usoni, wako kazini wakati wenzao wamelala. Picha zake zilitumika kupigania sheria za kuzuia ajira za watoto. Ila tuseme ukweli, mashine nayo ilichangia sana. Michael Owens, ambaye mwenyewe alianza kazi kiwandani akiwa mtoto, alikamilisha mwaka 1903 mashine ya kutengeneza chupa yenyewe. Mashine haihitaji mtoto wa kubeba.

Halafu kuna akina mama. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Japani ilipoikamata Malaya mwaka 1942, Marekani ilikosa bati na mpira kwa mpigo. Bati ndiyo makopo ya dukani, mpira ndiyo ule wa kwenye mfuniko. Serikali ikawaambia raia walime nyumbani na wahifadhi wenyewe, sukari ikawa ya mgawo lakini anayesindika matunda anaongezewa kidogo. Hata zinki ilibanwa, ndiyo maana utakutana na chupa za miaka ile zina mfuniko wa kioo na pete nyembamba ya chuma. Wajerumani nao wana lao: kampuni ya Weck, iliyoanzishwa mwaka 1900, chupa zake zina nembo ya sitroberi na mfuniko wa kioo, na jina likazoeleka mpaka Kijerumani kikapata kitenzi kutokana nalo. Kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Kolgeti.

Pia usisahau walevi. Kuanzia 1920 mpaka 1933 pombe ilipigwa marufuku Marekani, na gongo ya kule iliuzwa kwenye chupa hizihizi. Ukibeba chupa za nyanya nani atakuuliza?

Sasa tuje kwenye kukusanya, maana najua kuna watu hapa wameshafungua programu ya kununulia vitu.

Kosa la kwanza la kila mgeni ni tarehe. Chupa imeandikwa "Patent Nov 30th 1858", mtu anaruka ruka kwamba ana chupa ya 1858. Hapana mzee. Hiyo ni tarehe ya hataza, na viwanda viliendelea kuichapa kwa miaka zaidi ya 50. Angalia mdomo badala ya maandishi. Mdomo ukiwa umesagwa, unakwaruza ukipitisha kidole, hiyo ilipulizwa na mtu. Ukiwa laini kabisa na mstari wa maungio umepanda mpaka juu, hiyo ni ya mashine. Chini ya tako ukiona alama ya duara kama kovu, lililokaa upande upande, ni kazi ya mashine ya Owens. Neno Ball lenyewe lilibadilishwa mwandiko mara kadhaa, na wakusanyaji wanajua kila mkia wa herufi ni wa miaka ipi.

La pili ni rangi. Samawati ni nzuri lakini zilitengenezwa nyingi mno, usiuziwe kama dhahabu. Zenye bei ni za kahawia na za bluu iliyokolea. Zambarau ndiyo ina magumashi. Kioo cha zamani chenye manganizi kikikaa juani miaka mingi kinageuka zambarau hafifu, ni kweli. Lakini wajanja wanachukua chupa ya kawaida wanaipiga mionzi, inatoka zambarau nzito kama soda ya zabibu. Ikikolea sana, kimbia. Na mwaka 2013 chapa ya Ball ilitoa upya chupa za samawati kama kumbukumbu ya miaka 100, mwaka uliofuata kijani, kisha zambarau. Ni halali kabisa, ila leo zimeshachakaa kidogo na kuna watu wanaziuza kama za babu.

La tatu, namba 13. Utaambiwa kwamba chupa zenye namba 13 chini ni adimu kwa sababu watu waliogopa mkosi wakazivunja. Stori tamu, inapandisha bei, lakini namba ile ilikuwa ya kalibu kiwandani tu. Ya 13 ilitoka sawa na ya 12.

Kuhusu kutumia, hapa naomba tusitaniane. Chupa ya kale weka maharage makavu, mchele, vifungo, maua, taa ndogo za waya, sarafu. Usiipikie. Kioo cha miaka 100 kina nyufa ambazo jicho halizioni, maji ya moto yakikigusa kinapasuka mkononi. Kama unataka kusindika kweli, tumia chupa mpya na mfuniko wa vipande viwili, ule ulioletwa na Alexander Kerr mwaka 1915: kisahani chembamba chenye ukingo wa mpira na pete ya kukazia. Pete inarudiwa, kisahani ni cha mara moja tu. Wakati wa korona mwaka 2020 visahani hivyo viliadimika Marekani mpaka watu wakalanguana, maana kila mtu alikuwa amefungiwa ndani na nyanya zake.

Na siyo kila chakula kinakwenda kwenye maji yanayochemka. Jemu, achari ya siki, matunda yenye uchachu, sawa. Nyama, samaki, maharage, mahindi, mboga za majani, usithubutu. Kuna bakteria anayesababisha ugonjwa wa botulizimu, mbegu zake hazifi kwa nyuzi 100, na anapenda hasa mahali pasipo hewa, yaani ndani ya chupa iliyofungwa vizuri. Sumu yake inalegeza misuli mpaka mtu anashindwa kupumua, na mara nyingi chakula hakinuki wala hakibadiliki rangi. Vyakula hivyo vinahitaji sufuria maalumu ya presha inayofika nyuzi kama 116, na wataalamu wa kilimo wa Marekani wamekuwa wakisema hivyo tangu 1917. Walio Arusha, Nairobi au Mbeya wajue pia kwamba kule juu maji yanachemka kabla ya kufika 100. Nairobi ni kama 94. Zile video za dakika moja za "hifadhi kuku wako mwaka mzima" zinazotengenezwa na yule dada wa mapishi, jina kapuni, zitaua mtu.

Haya, nendeni kabatini kwa mama. Najua zipo: chupa ya kahawa ina binzari, chupa ya jemu ina karafuu, chupa ya mayonezi ina misumari ya baba. Zigeuzeni msome chini, kuna namba na alama za kiwanda. Ya zamani kuliko zote iwekeni picha kwenye komenti tuipigie ramli pamoja, na kama mwenye nayo ni bibi, muulizeni kabisa mwanzo ilikuwa na nini.